Damu ya Isimani

Mauaji si kazi ya wanyang'anyi peke yao. Kaskazini ya mji wa Iringa, katika njia iendayo Dodoma, iko nchi ya Isimani. Katika miaka ya 1950 watu walifyeka pori lake, wakalima mahindi kwa trekta, na baadhi yao wakatajirika. Serikali ilipotaka mashamba yawe ya vijiji vya Ujamaa, wenye mashamba walinung'unika.

Siku ya Krismasi, 25 Desemba 1971, Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, alimkuta Saidi Mwamwindi shambani kwake. Wakagombana kwa maneno. Mwamwindi akatwaa bunduki, akampiga, akafa. Wala hakukimbia: aliutia mwili katika motakaa ya marehemu, akaenda mwenyewe hata polisi Iringa. Mahakama Kuu ilimhukumu kifo, akanyongwa.

Je, ugomvi ulikwisha? La. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri kwa nchi nzima. Sheria ilimwadhibu muuaji, lakini hukumu ya mtu mmoja haikuliamua shauri la ardhi. Watu wawili walikufa kwa neno lililopaswa kuamuliwa barazani.