Kutoka Mtama hadi Sembe: Chakula cha Mkulima wa Itilima

Mvua zikikatika na viazi vitamu vikachimbwa, akina mama wa Usukumani huanza kazi ambayo haitajwi sana katika vitabu vya historia. Viazi vibichi hukatwa vipande na kuanikwa juani vikawa michembe. Vingine huchemshwa kwanza, ndipo vikakatwa na kuanikwa. Hayo ndiyo matobolwa. Majani ya kunde nayo hukaushwa yakawa nsansa. Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, imo katikati ya nchi hii ya uanikaji.

Nchi hii ina kiangazi kirefu, na mvua zake hazitabiriki. Miezi migumu si ile ya jua kali baada ya mavuno. Ni ile ya kilimo chenyewe, kuanzia Novemba hadi Februari, jembe linapodai nguvu na kihenge kimebaki vumbi. Hata mbali na hapa, wakulima wa Korea waliijua shida hiyo: walikausha majani ya figili kwa ajili ya baridi, na bado njaa iliwabana kila machipuko kabla shayiri haijaiva.

Zamani ugali wa Msukuma ulikuwa wa mtama na uwele, nafaka zinazostahimili ukame. Pembeni palikuwa na mlenda, mgagani, karanga, njugu mawe na, kwa wenye ng'ombe, maziwa na samli. Mlo huo uligusa shamba, zizi na pori kwa pamoja. Viazi na mihogo, mazao yenye asili ya Amerika, vilipata nguvu zaidi wakati wa Waingereza, pale amri zilizopitia kwa watemi zilipoitaka kila kaya ilime mazao ya kinga ya njaa.

Kisha pamba. Ilianza kusukumwa na Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20 na ikatanuka sana baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Victoria Federation chini ya Paul Bomani, na fedha ya pamba ikasomesha watoto, ikajenga nyumba, ikanunua ng'ombe. Sitaki kuibeza. Lakini pamba hudai palizi katika miezi ileile ambayo nafaka inaidai, na mama ni mmoja. Bei ikianguka, gunia la pamba halipikwi.

Mahindi yakaingia polepole mahali pa mtama. Sababu inaeleweka: ganda hulifunika hindi ndege wasilifikie, wakati mtama unahitaji mtu wa kuamia kutwa nzima, na kazi hiyo ilikuwa ya watoto ambao sasa wako shuleni. Katika njaa ya miaka ya 1970 nchi ililetewa mahindi ya njano kutoka nje, ambayo watu waliyaita yanga na kuyachukia. Kumbe yalikuwa na kiini cha vitamini A, kitu ambacho sembe nyeupe haina. Kwa maoni yangu, hasara kubwa zaidi ilikuja na kinu cha kukoboa: kiini cha punje kikaishia kwenye pumba za mifugo, na heshima ya mezani ikapimwa kwa weupe.

Kitaifa, udumavu wa watoto chini ya miaka mitano ulishuka kutoka asilimia 34 mwaka 2015/16 hadi 30 mwaka 2022. Ni nafuu, ila bado ni watoto watatu katika kila kumi, katika nchi inayouza nafaka kwa jirani. Tumbo la mtoto linaweza kujaa ugali na mwili wake ukabaki na njaa.

Njia mojawapo ya kuipunguza njaa hiyo ni viazi lishe vya rangi ya chungwa: vinastawi Kanda ya Ziwa, na navyo hukubali kufanywa michembe. Vikianikwa kivulini vinaweza kuhifadhi vitamini A zaidi kuliko juani. Maofisa ugani wa Itilima waanze na akina mama wanaoanika, wawape mbegu ya viazi hivyo, na wawasikilize kabla ya kuwafundisha.