Sinia ya Idi, kutoka Mji wa Kale hadi Mama Ngina

Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 1331, alikuta wenyeji wakila zaidi ndizi na samaki. Nafaka ililetwa kutoka nje ya kisiwa. Aprili 1498, Vasco da Gama alipotia nanga, mfalme wa Mombasa alimpelekea kondoo, machungwa, ndimu na miwa.

Mapokezi ya mgeni yana historia ndefu hapa.

Leo, Idi ikiingia Mji wa Kale, mpishi hana haja ya vyakula kumi. Pilau yatosha: kitunguu hukaangwa mpaka kiwe hudhurungi, hufuata nyama, thomu, bizari nzima, iliki, mdalasini na karafuu, kisha mchele. Maji yakikauka, makaa hupaliwa juu ya kifuniko. Kachumbari hukatwa dakika za mwisho, na watu wanne au watano huizunguka sinia moja. Tambi na kaimati zimeshaliwa asubuhi.

Jioni, familia huteremka barabara ya Mama Ngina, zamani Azania Drive, iliyofunguliwa upya mwaka 2019. Chini ya mibuyu huuzwa madafu na kachiri za muhogo zenye ndimu na pilipili. Muhogo na pilipili hiyo vilitoka Amerika, vikaletwa na Wareno.