Kyalami, Kaya ya Nani?

Mara ya kwanza niliposikia jina la Kyalami nilicheka peke yangu. Lilitoka redioni, katika habari za michezo, na mtangazaji alieleza kuwa huo ni uwanja wa mbio za magari wa Afrika Kusini. Masikio yangu ya Kiswahili yaliokota kipande cha mwisho cha jina, "lami", nikasema moyoni: kweli watu hawa wameupatia jina uwanja wao.

Miaka ilipita kabla sijajua kwamba nilikosea. Jina hilo linatokana na maneno ya Kizulu, ikhaya lami. Ikhaya ni nyumbani. Ni ndugu wa neno letu kaya, lile la mkuu wa kaya na la misitu mitakatifu ya Wamijikenda. Na lami ya Kizulu si ile inayomwagwa barabarani. Maana yake ni "langu". Ukisikiliza vizuri utaisikia "mi" ya mimi humo ndani. Kyalami ni kwangu, nyumbani kwangu.

Tangu nilipolijua hilo sijaweza kuisoma historia ya uwanja ule bila kujiuliza swali moja: kwangu, kwa nani?

Uwanja ulifunguliwa mwaka 1961, kaskazini ya Johannesburg, upande wa kwenda Pretoria. Ni mwaka uleule ambao Afrika Kusini ilijitoa katika Jumuiya ya Madola ili iendelee na siasa yake ya ubaguzi bila kuulizwa. Njia ya awali ilikuwa na urefu wa kilometa nne na kidogo kwa mzunguko mmoja. Ilikuwa na mnyooko mrefu wa kuteremka ambao madereva waliupenda na kuuogopa. Pale ni juu, kama mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa nyembamba hupunguza nguvu za injini. Ndiyo maana mwaka 1979 gari la Renault la Jean-Pierre Jabouille, lenye tabo ya kusindilia hewa ndani ya injini, lilishika pale nafasi ya mbele kabisa ya kuanzia mbio. Lilikuwa gari la kwanza la tabo kufanya hivyo katika Formula One. Mafundi wa dunia walijifunza mengi katika kilima kile.

Lakini tutazame pia majirani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1913 ilikuwa imemzuia Mwafrika kununua ardhi katika sehemu kubwa kabisa ya nchi yake. Sheria ya mwaka 1950 ikagawa mitaa kwa rangi za watu. Upande huohuo wa kaskazini ya Johannesburg upo mtaa wa Alexandra, ulioanzishwa mwaka 1912, kabla tu ya sheria ile ya kwanza, na ambako Waafrika waliwahi kumiliki viwanja vyao. Mwaka 1963, uwanja wa magari ukiwa na umri wa miaka miwili, serikali iliamua kwamba Alexandra isiwe tena mahali pa familia, bali pawe pa mabweni ya vibarua wanaoishi bila wake wala waume wala watoto. Watu wengi walihamishwa. Basi hapa palikuwa na njia ya magari inayoitwa Kwangu, na pale palikuwa na watu wanaoambiwa: hapa si kwenu.

Moja ya kona za uwanja iliitwa Leeukop, yaani Kichwa cha Simba. Si mbali na hapo lipo gereza la Leeuwkop, ambamo wafungwa wa kisiasa walipitia miaka ya 1960.

Sisi wa Afrika Mashariki tulizoea mbio za aina nyingine. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilipita katika barabara za watu wote. Gari lilikupitia mbele ya nyumba yako, likakupaka vumbi au tope, na watoto wakalisukuma lilipokwama. Hukuhitaji tiketi wala ruhusa ili uwe mtazamaji. Mbio za uwanjani ni tofauti. Zina ukuta, zina lango, na lango lina mwenyewe.

Ndani ya lango lile yalitendeka makubwa, wala sitaki kuyapunguza. Mashindano ya ubingwa wa dunia yalifika Kyalami tarehe 2 Januari 1967. John Love, dereva wa miaka 42 kutoka Rhodesia, aliongoza akiwa na gari kuukuu, na zilikuwa zimebaki raundi chache tu alipolazimika kusimama kuongeza mafuta. Pedro Rodríguez wa Mexico akampita na kushinda. Ni hadithi tamu ya mnyonge aliyekaribia kuwashinda wakubwa. Lakini katikati ya Desemba iliyotangulia Umoja wa Mataifa ulikuwa umeiwekea Rhodesia ya Ian Smith vikwazo vya biashara, na uwanjani hakuna aliyeonekana kuwa na habari. Mwaka uliofuata, siku ya Mwaka Mpya, Jim Clark alishinda pale mbio zake za 25, na hizo ndizo zilizokuwa za mwisho kwake kushinda katika ubingwa wa dunia. Miezi mitatu baadaye alikufa Ujerumani. Mwaka 1975 Jody Scheckter, mwana wa nchi, alishinda nyumbani.

Na mauti yalifika. Machi 1974 Peter Revson wa Marekani aliuawa pale akijaribu gari, siku chache kabla ya mashindano. Tarehe 5 Machi 1977 gari moja lilisimama kando ya njia likitoa moto mdogo. Kijana wa miaka 19, msaidizi wa uwanjani, alivuka njia mbio akibeba mtungi mzito wa kuzimia moto. Tom Pryce, dereva wa Wales mwenye miaka 27, alikuwa anapanda kilima kwa kasi kubwa bila kuweza kumwona. Kijana alikufa papo hapo, na mtungi ukampiga Pryce kichwani, naye akafa akiwa usukani. Wawili hao hawakuwa wamefanya lolote isipokuwa kazi yao. Nawataja kwa sababu mwenye kulaani mahali hupesi kusahau kwamba mahali hapo pia pana maiti wake.

Sasa nifike penye uchungu wangu. Machi 1976 Niki Lauda alishinda Kyalami, na kila mtu akafunga mizigo na kwenda kwenye mbio nyingine. Juni mwaka huohuo watoto wa Soweto walipigwa risasi. Julai, mataifa zaidi ya ishirini, karibu yote ya Afrika, yalisusia Michezo ya Olimpiki ya Montreal, kwa kuwa New Zealand iliruhusiwa kushiriki ilhali timu yake ya raga ilikuwa inacheza na makaburu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliosusia. Filbert Bayi wetu, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 na kumwacha nyuma John Walker wa New Zealand, hakukimbia Montreal. Walker alikimbia, akapata dhahabu.

Silaumu uamuzi ule. Nasema tu kwamba ulikuwa na bei, na aliyeilipa alikuwa kijana mwenye miguu miwili na viatu vya kukimbilia. Wenye magari, mafundi, ndege za mizigo na majina ya sigara yaliyoandikwa ubavuni mwa magari hawakulipa senti. Mwaka uliofuata walirudi Kyalami kama kawaida. Walipoulizwa, jibu lilikuwa moja: sisi ni wanamichezo, hatuingii katika siasa.

Ningeweza kulikubali jibu hilo kama si mambo ya Januari 1982. Mwaka huo wakubwa wa mchezo walitaka madereva watie saini masharti mapya ya leseni, yaliyowabana katika timu zao. Madereva wakakataa. Wakiongozwa na Niki Lauda na Didier Pironi walipanda basi, wakaondoka Kyalami, wakajifungia katika hoteli mjini Johannesburg na kulala kwenye magodoro yaliyotandikwa sakafuni, karibu wote chumba kimoja, ili asiwepo wa kusaliti. Kulipokucha wakubwa walilegea, na mbio zikafanyika.

Nimeufikiria sana usiku ule. Siwacheki, mfanyakazi anayedai haki yake namuunga mkono, hata akiwa tajiri. Lakini usiku ule ulitoboa siri. Kumbe kugoma kuliwezekana! Kumbe gari linaweza kukaa kimya, na dunia isianguke. Walikuwa katikati ya mji ambao mwenyeji wake mweusi alitembea na pasi mfukoni, na anayeikosa hulala rumande. Madereva wale waligoma kwa ajili ya karatasi yao. Kwa ajili ya karatasi ya yule mwingine hakuna aliyetandika godoro.

Hesabu ilikuja mwaka 1985. Serikali ilikuwa imetangaza hali ya hatari katika wilaya nyingi, na mazishi yalikuwa yakifuatana. Tarehe 18 Oktoba, mshairi Benjamin Moloise alinyongwa katika gereza la Pretoria, licha ya maombi kutoka kila pembe ya dunia. Kesho yake, Jumamosi, magari yalinguruma Kyalami, mwendo mfupi tu kutoka penye kitanzi. Nigel Mansell alishinda. Timu mbili za Kifaransa, Renault na Ligier, hazikwenda, na baadhi ya wadhamini walifuta majina yao kwenye magari ili wasionekane. Baada ya mbio wakuu wa mchezo walitangaza kwamba hawatarudi kwa sababu ya ubaguzi wa rangi.

Yule aliyefuta jina lake ubavuni mwa gari, gari likaendelea kukimbia, alifanya nusu ya jambo. Lakini hata nusu ile ilionyesha kwamba aibu ilikuwa imeanza kupita ukuta. Kilichoyaondoa magari Kyalami si hotuba moja. Ni miaka mingi ya kina Bayi wasiokimbia, hadi ikawa fedheha kuonekana pale.

Mandela alitoka gerezani Februari 1990. Tarehe 1 Machi 1992 magari yalirudi, katika uwanja uliojengwa upya, sehemu ya ardhi ya njia ya zamani ikiwa imeuzwa. Mansell akashinda tena. Siku 16 baadaye wazungu wa nchi ile walipiga kura kukubali mageuzi yaendelee. Machi 1993 Alain Prost alishinda, kisha wenye mbio wakaondoka, safari hii kwa mambo ya fedha. Aprili 1994 wananchi wote wakapiga kura. Yaani mwenye kaya alipopata ufunguo, wageni walikuwa wamekwisha kuaga. Julai 2014 uwanja uliuzwa kwa mnada kwa randi milioni 205, ukakarabatiwa, na magari ya mbio nyingine hukimbia pale. Lakini tangu mwaka ule wa 1993 Formula One haijakanyaga tena Afrika.

Siku hizi husikika maneno ya kuirudisha. Ikirudi nitafurahi, kwa kuwa sina ugomvi na magari. Nitawasha redio kama zamani. Ila nitataka kusikia ni nani wamekaa jukwaani, ni nani wamo katika kazi za ufundi, na kama mtoto wa Alexandra anapita langoni bila kujieleza. Hayo yakiwa sawa, mtangazaji atakapolitaja lile jina sitasikia tena lami ya barabarani. Nitasikia Kizulu chake, na nitakiamini.