Waliolalamika Ndio Waliojenga Makongamano ya Sanamu Ndogo

Kila kongamano la hobi likiisha, kuna fomu ya maoni. Inaingia kwa simu Jumatatu asubuhi wakati mgongo bado unauma na mfuko umekauka: ulifurahia nini, turekebishe nini, utarudi mwakani? Watu wengi huifuta. Mimi hujaza, tena hujaza mpaka nafasi inaisha. Baada ya mkutano mmoja Nairobi wa watu wanaopaka rangi sanamu ndogo za mezani, niliandika mambo tisa. Jibu lilikuwa fupi: kama haikupendezi, si uanzishe lako huko Busia.

Sawa bana. Lakini kabla ya kuanzisha, nilitaka kujua haya makongamano yalianza vipi, na nani aliyeyafanya yawe vile yalivyo. Nilichokuta ni kwamba karibu kila kitu kizuri kwenye hii hobi kilikuja baada ya mtu kusema, “Hii haifanyi kazi.”

Kwa wale hawajui tunaongea nini: hizi ni sanamu za askari, mazimwi, wanyama na watu wa kawaida, nyingi zao urefu wa kidole gumba. Ni za plastiki, resini au madini. Zinakuja bila rangi, mara nyingi vipande vipande. Unaziunganisha kwa gundi, unapaka rangi ya msingi, halafu unakaa wiki mbili ukihangaika na jicho dogo kuliko punje ya mtama. Wengine huzitumia kwa mchezo wa vita mezani. Wengine, kama mimi, hatuchezi. Tunapaka tu.

Mchezo wenyewe ulianza kwa wanajeshi. Mwaka 1812 Mprusi mmoja, Georg Leopold von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza ya vita yenye vipande vya ardhi vya kupangwa upya. Ilikuwa maridadi, na ilibaki ikulu. Mwanawe, aliyekuwa luteni, alitoa toleo lake 1824: ramani ya karatasi, vibao vidogo, kete na kitabu cha sheria. Jeshi likaupokea mchezo. Shida ikawa ni kile kitabu. Maafisa walichoka kuhesabu na kufungua kurasa kila hatua, hadi 1876 Julius von Verdy du Vernois akatoa toleo lililotupa sehemu kubwa ya sheria na kumwachia mwamuzi mwenye uzoefu aamue. Yaani miaka 52 ya watu kusema mchezo ni mrefu mno, ndipo ukafupishwa. Mimi nimengoja wiki sita tu kuhusu zile taa, kwa hivyo pengine nina haraka.

Sanamu zenyewe zilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain kule London ilianza kuuza askari wa kuchezea wa madini ya risasi, wenye tumbo tupu. Uwazi huo ulipunguza madini, ukapunguza bei, na watoto wengi zaidi wakaweza kuwanunua. (Kwa Kiswahili risasi ni madini na ndiyo hiyo hiyo inayotoka kwa bunduki. Hakuna lugha nyingine ninayoijua inayoieleza hii hobi vizuri hivyo.) Rangi ilipakwa kwa mkono, kazi iliyofanywa sana na wanawake, wengine wakiwa kiwandani na wengine wakipelekewa kazi nyumbani. Hakuna aliyewapa kombe.

Hapa ndipo historia inatugusa sisi wa mpakani. Britains walitengeneza majeshi ya himaya nzima, pamoja na seti ya King's African Rifles, KAR ya babu zetu. Hebu fikiria: mwanamke wa London anampaka rangi ya ngozi askari Mwafrika ambaye hajawahi kumuona, kwa brashi ileile aliyotumia kwa Waskoti saa moja iliyopita.

Na walioachwa nje ni wengi kuliko walioingia. Mwaka 1913 H. G. Wells, yule mwandishi wa riwaya za kisayansi, alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, sheria za kuchezea askari hao sakafuni. Anaeleza vile sheria zilivyokua: wanacheza na marafiki, wanagundua upuuzi fulani, wanaurekebisha, wanacheza tena. Mwaka uliofuata vita vya kweli vikaanza, na Afrika Mashariki vikaja na wapagazi. Maelfu kwa maelfu ya wanaume, wengi wao kutoka magharibi mwa Kenya, walibebeshwa mizigo ya jeshi kwenda kupigana na Wajerumani Tanganyika, na wengi mno walikufa kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar zimebeba jina lao, Carrier Corps. Kwenye meza za makongamano nimeona Waroma, Wazulu, Napoleon wa kila aina, majoka ya rangi zote. Mpagazi mwenye mzigo kichwani sijamuona hata mmoja. Hilo lilikuwa jambo la nne kwenye fomu yangu: mashindano yawe na kundi la historia ya kwetu.

Makongamano yenyewe si ya zamani sana. Donald Featherstone, Mwingereza mpenda vita vya mezani, aliandaa mkutano Southampton mwaka 1961, na hesabu ya makongamano ya Uingereza huanzia hapo. Kule Marekani, mwaka 1968, Gary Gygax alikodi ukumbi wa chama cha wakulima wa maua huko Lake Geneva, Wisconsin, kwa dola 50, kiingilio dola 1. Walikuja watu kama mia moja. Miaka sita baadaye Gygax na Dave Arneson walitoa Dungeons & Dragons, na kongamano lile, Gen Con, likaendelea kukua. Ukumbi ulipokuwa mdogo, lilihama. Likahama tena. Sasa liko Indianapolis na linapokea makumi ya maelfu ya watu. Ukisoma historia yake utaona hakuna mahali mtu alikaa chini akapanga kila kitu kikapangika. Watu walikosa mahali pa kukaa, wakasema, meza zikaongezwa.

Mwaka huohuo wa 1968, huku kwetu, Edward Saidi Tingatinga alikuwa anaanza kuchora Dar es Salaam kwa rangi ya baiskeli juu ya vibao vya bei rahisi. Naitaja kwa sababu kuna watu Nairobi wanaamini huwezi kupaka bila chupa ya rangi iliyotoka ng'ambo. Busia ndiyo nyumbani kwa bodaboda, zilizoanza kama baiskeli za kuvusha watu mpaka hadi mpaka, na mafundi wetu wamekuwa wakiandika majina na maua kwenye bamba la matope muda mrefu. Rangi hizo ni nzito kwa sanamu ndogo, nakubali. Lakini akriliki ya duka la vitabu ukiichanganya na maji taratibu, ukaiweka juu ya karatasi ya kuokea iliyolazwa kwenye sponji lenye maji ndani ya kifuniko cha mkebe, inakaa bila kukauka jioni nzima. Brashi ya kope inafanya macho. Nimepaka hivyo miaka mitatu.

Basi tufike kwenye kitu kilichonikera kuliko vyote, waamuzi.

Mwaka 1987 kampuni ya Games Workshop, wale wa Warhammer, ilianzisha mashindano ya Golden Demon. Washindi hupewa sanamu ndogo ya zimwi, na bingwa wa wote hupewa upanga. Mashindano hayo yaliinua kiwango vibaya sana, mpaka ukiangalia kazi za miaka ya mwanzo na za leo ni kama vitu viwili tofauti. Lakini mfumo wa wa kwanza, wa pili, wa tatu una tatizo lake. Watu watatu wanaenda na furaha, mia mbili wanaenda hawajui kosa lao ni lipi. Ndiyo maana baadhi ya maonyesho ya wapenda modeli yalichukua njia nyingine: kila kazi inapimwa kwa kiwango kilichowekwa, si kwa kazi ya jirani. Kama kumi wamefika dhahabu, kumi wanapewa dhahabu. Kama hakuna aliyefika, hakuna anayepewa. Wabishi wa pande zote mbili bado wanabishana, na kila upande una hoja. Wa kwanza wanasema medali zikiwa nyingi hazina uzito. Wa pili wanauliza, mtu anayeanza atajuaje anaelekea wapi?

Mimi niko na hao wa pili, lakini hata wao hawajafika mahali sisi tulifika zamani. Kenya Music Festival ilianza 1927. Kila mtu aliyesoma shule ya Kenya anajua vile inakwenda: mnaimba, mnatoka jukwaani mkitetemeka, halafu baada ya kundi lote mwamuzi anasimama mbele ya watu wote anaeleza. Soprano walipanda sana. Shule fulani, mavazi mazuri lakini maneno hayasikiki. Mnacheka, mnanuna, mwalimu anaandika. Mnarudi na karatasi ya alama yenye maelezo, na mwaka unaofuata mwalimu anaitoa kwa droo. Drama iko hivyohivyo. Yaani tuna utamaduni wa karibu miaka mia moja wa kumwambia mshindani ukweli hadharani kwa heshima, halafu tunaandaa kongamano la sanamu Nairobi ambapo waamuzi wanaingia nyuma ya pazia, wanatoka, wanataja majina matatu, na kwisha. Niliuliza yangu ilikosa nini. Nikaambiwa, “Ilikuwa poa, jaribu tena.” Jaribu nini?

Mambo mengine kwenye fomu yangu yalikuwa madogo, ila ndiyo yanayoamua nani anarudi. Mwanga ulikuwa wa njano, na chini ya mwanga wa njano huwezi kutofautisha krimu na nyeupe, kwa hivyo darasa la kuchanganya rangi lilikuwa kama kufundisha kuogelea kwenye mchanga. Darasa hilo liliwekwa saa ileile ya kukabidhi kazi za mashindano. Maji ya kuoshea brashi yalikuwa ndoo moja, mbali. Viti havikuwa vya mtu wa kukaa saa tano. Watu walishika sanamu za wenzao bila ruhusa. Mkuki wa dada mmoja ulivunjika mbele yangu na hakukuwa na hata kibao cha kusema usiguse.

Halafu kuna suala la sisi tunaotoka mbali. Milango kufunguliwa saa mbili asubuhi Jumamosi maana yake ni mtu wa Port Victoria aanze kutafuta matatu ya kwenda Busia Ijumaa mchana, apande basi la usiku, na akae macho akiwa amepakata mkebe wenye sanamu zilizofungwa kwa pamba. Kiingilio ndicho sehemu ndogo ya gharama. Ninajua madogo Budalang'i wanaofinyanga ng'ombe kwa udongo wa kando ya Nzoia na kuunda lori za waya zenye magurudumu ya ndara, usukani unazunguka kabisa, na hawatawahi kuingia ukumbi ule. Wangeingia, mashindano yote yangebadilika. Wana kitu ambacho sisi wa kununua boksi hatuna: wanaanza kutoka sifuri.

Hivyo ndivyo nimefika kwenye mpango wangu, na naomba muukosoe hapa chini bila huruma. Siku moja, Busia mjini, si Nairobi, ili wenzetu wa upande wa Uganda wavuke kwa miguu. Kuanza saa nne na kumaliza saa kumi, mtu wa Budalang'i alale kwao. Taa nyeupe. Kila meza na kikombe chake cha maji. Udongo na waya vikubaliwe sawa na plastiki, na umri wowote. Hakuna wa kwanza wala wa pili. Kila kazi inapata karatasi yenye sentensi mbili, moja ya kilichofaulu na moja ya kilichofeli, kisha mwamuzi mmoja anasimama kama kwenye tamasha la muziki anaongea dakika kumi. Na kuwe na kundi la historia. Mimi nitaleta mpagazi wa Kariakoo, nimeshamchonga kwa mti wa kibiriti na gundi. Nataka pia mtu atengeneze tuta la Nzoia lilivyopasuka 2020, na boti zikipita kati ya paa za mabati, kwa sababu hilo tukio tunalo kwa simu zetu tu na simu zinaharibika.

Fomu itakuwa ya karatasi, itajazwa kabla ya kutoka mlangoni, na itakuwa na maswali mawili: ni saa ngapi ulichoka, na ni nini kilikufanya utake kuondoka. Nimeshaongea na mwenye ukumbi mmoja. Anataka kujua kama rangi inatoka kwa sakafu.