Mtoto Aliyezaliwa na Deni

Kabla ya kumjua Yuki Kashima nilimjua binti yake wa Marekani. Mtaani kwetu, katika mji mmoja wa Bonde la Ufa, kulikuwa na kibanda cha video cha mabati, benchi za mbao, kiingilio bob kumi. Humo ndimo nilimoona Kill Bill, ile ya 2003. Mzungu wa nguo za manjano anapigana kwa upanga na mwanamke wa kimono ndani ya bustani yenye theluji. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona theluji. Jamaa aliyekaa karibu nami aliapa kwamba ile ni pamba imemwagwa. Pigano lilipoisha, badala ya shangwe ikaingia sauti ya mwanamke akiimba kwa Kijapani, polepole, kama mtu anayeosha maiti. Kibanda kizima kilinyamaza.

Ule wimbo ulinikaa kichwani miaka mingi. Nilipopata intaneti ya kutosha niliutafuta, na nikakuta kwamba mwimbaji, Meiko Kaji, ndiye aliyekuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Kijapani ya 1973, na kwamba Quentin Tarantino aliitoa theluji yake humo humo. Wazungu wanaiita Lady Snowblood. Wajapani wanaiita Shurayukihime, na hapo kuna mchezo wa maneno: Shirayukihime ni yule binti mfalme mweupe kama theluji wa hadithi za watoto. Badilisha irabu moja tu, "shira" iwe "shura", na binti mfalme anaingia ulimwengu wa mapigano yasiyoisha ambao Wabudha wanauhesabu kati ya makao ya viumbe. Hadithi yenyewe ilianza kama katuni, maneno ya Kazuo Koike na michoro ya Kazuo Kamimura, kisha Toshiya Fujita akaifanya filamu.

Yuki ni muuaji. Anatembea na mwavuli, na ndani ya mpini wa mwavuli mna upanga. Mwanzoni mwa filamu anamuua mkubwa mmoja wa genge usiku, kwa niaba ya mzee anayeongoza kijiji cha ombaomba. Malipo yake si pesa. Anataka habari: mzee awatume watu wake wamtafutie majina matatu. Nataka kuongea juu ya hayo majina, kwa sababu hayakuwa maadui wa Yuki. Hakuwahi kuwaona. Alirithi.

Hadithi inasema hivi. Mwaka wa 1873 mwalimu wa shule anaenda kijiji kipya na mkewe Sayo na mtoto wao wa kiume. Kijijini kuna matapeli wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wanaowatoza wakulima pesa kwa ahadi ya kuwaepusha na jeshi. Mwalimu amevaa nguo nyeupe. Matapeli wanamfanya aonekane ni mtu wa serikali aliyekuja kuchukua vijana, wanamuua, wanamuua na mtoto, na Sayo wanambaka. Mmoja wao anaondoka naye. Sayo anangoja siku yake, anamuua huyo mmoja, anafungwa maisha. Wamebaki watatu, na yeye yuko nyuma ya ukuta. Basi anafanya hesabu ambayo hadi leo inanitia baridi: analala na askari jela mmoja baada ya mwingine mpaka apate mimba, ili azae mtu wa kutoka nje amalizie kazi. Mtoto anazaliwa usiku wa theluji, 1874. Ni msichana. Anaitwa Yuki, yaani theluji. Mama anafariki baada ya kumzaa.

Mara ya kwanza nilidhani haya ni maneno ya filamu tu, chumvi juu ya chumvi. Kumbe mwandishi alikuwa amesoma historia yake vizuri.

Mwaka wa 1868 utawala wa shogun uliangushwa na serikali mpya ikaanza kuijenga Japani kwa haraka, kwa jina la mfalme Meiji. Ilitaka jeshi la kisasa. Mwishoni mwa 1872 ikatoa tangazo, na mwanzoni mwa 1873 sheria yenyewe: kila mwanamume akifika miaka 20 anaweza kuchukuliwa jeshini miaka mitatu. Mwenye yeni 270 angeweza kulipa akasamehewa. Hizo ni pesa ambazo mkulima wa kawaida hangeziota. Kwa hivyo wale matapeli wa filamu walikuwa wanauza kitu ambacho tajiri alikipata kihalali dirishani.

Sasa, ndani ya lile tangazo maofisa walitumia msemo walioutoa Ulaya: kodi ya damu. Walimaanisha kwamba raia anailipa nchi kwa maisha yake. Wanavijiji wakaelewa walichoambiwa: serikali inataka damu. Uvumi ukaenea kwamba watu wa mavazi meupe watakuja kuwakamua vijana. Mwaka huo huo wa 1873 kukazuka ghasia sehemu nyingi, kali mojawapo ikiwa ya Mimasaka, magharibi mwa nchi. Walichoma shule na nyumba za viongozi. Halafu wakawageukia watu wa tabaka lililodharauliwa, ambao serikali ilikuwa imewatangaza kuwa sawa na wengine miaka miwili kabla, wakawaua na kuwachomea nyumba. Mkono wao haukuifikia serikali huko Tokyo. Uliwafikia majirani waliokuwa maskini kuliko wao.

Mswahili akisikia habari ya watu wanaokamua damu hahitaji kuelezwa. Tuna neno letu, mumiani. Pwani watoto walikatazwa kutembea usiku kwa sababu ya mumiani. Nairobi ya wakoloni ilisemekana ni wazimamoto, na gari lao jekundu, ndio waliokamata watu wakawatoa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi ya aina hii katika Afrika Mashariki na Kati na kuyatolea kitabu mwaka wa 2000, na somo lake ni rahisi: usiulize tu kama uvumi ni kweli, uliza watu walikuwa wanasema nini kwa kutumia uvumi huo. Serikali iliyowachukua babu zetu kubeba mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918, wakafa kwa maelfu kwa njaa na kuhara, na kutuachia Nairobi jina la Kariokor kama ukumbusho, je, haikunywa damu? Mkulima wa Mimasaka na mpagazi wa Kariokor wangeelewana bila mkalimani.

Kuna sheria nyingine ya 1873 ambayo filamu haiitaji, lakini bila hiyo huwezi kumwelewa Yuki. Zamani za shogun kisasi kilikuwa na utaratibu. Samurai aliyeuliwa baba yake aliomba ruhusa kwa bwana wake, jina likaandikwa kwenye daftari za wakuu, ndipo akaondoka kumtafuta adui. Akimpata na kumuua, hakuadhibiwa. Na kulikuwa na mipaka. Kisasi kilikuwa cha mdogo kwa ajili ya mkubwa wake: mtoto kwa mzazi, mdogo kwa kaka. Na kikishalipwa kimeisha. Watu wa yule aliyeuawa hawakuruhusiwa kulipiza tena. Ulikuwa ukatili, lakini ulikuwa na mwisho ulioandikwa.

Februari 1873 serikali ya Meiji ikafuta yote. Kuua ni kuua, ikasema, na kuadhibu ni kazi ya serikali. Ukiniuliza mimi, ni sheria nzuri. Ubaya ni kwamba ilitangulia kuliko haki yenyewe. Usui Rokurō alikuwa mtoto wazazi wake walipouawa mwaka wa 1868 kwa sababu za kisiasa. Wakuu wa jimbo lao hawakumwadhibu muuaji. Mtoto alikua, akasikia sheria imebadilika, na bado akangoja. Mwaka wa 1880 alimkuta muuaji wa babake mjini Tokyo na kumchoma kisu. Na huyo muuaji, wakati huo, alikuwa amefanywa nani? Hakimu. Usui alifungwa maisha, na watu wengi wa Japani wakamwona shujaa. Serikali iliyomwambia aache kisasi ilikuwa imempa adui yake kiti mahakamani.

Hapo ndipo Yuki anaponipa taabu. Filamu inatupa kila sababu ya kumshangilia, halafu inatuonyesha mtoto. Analelewa na mwanamke aliyefungwa pamoja na mamake, anafunzwa na kasisi mzee ambaye anamtia ndani ya pipa na kulibingirisha mlimani, na kumwambia kila siku kwamba yeye si binadamu kama wengine, yeye ni chombo. Tabia yake yote imetoka hapo. Yuki haongei sana. Hafurahii kuua, wala hachukii kwa sauti. Meiko Kaji anamwigiza kwa macho tu, macho ya mtu anayesoma orodha. Akiambiwa kwamba mmoja wa wale watatu alishakufa, haoni nafuu. Anaenda kaburini na kuyakatakata maua kwa upanga. Mwanamke wa lile genge anapojinyonga kabla hajamfikia, Yuki anaipasua maiti. Mtu aliyeumizwa angeweza kuridhika kwamba adui amekufa. Yuki hana kidonda chake mwenyewe cha kupona. Ana kazi, na kazi ikimponyoka hajui yeye ni nani.

Na kuna Banzō, wa kwanza kupatikana. Tunatarajia jitu. Tunamkuta mlevi mgonjwa anayeiba kwenye kamari, anayelishwa na binti yake Kobue. Binti anasema anauza vitu vya mianzi, kumbe anauza mwili, na mzee hajui au hataki kujua. Yuki anakutana na Kobue, anaona wema wake, anajua kabisa anachotaka kumfanyia. Anamwongoza mzee hadi ufuoni, anamtajia jina la Sayo. Mzee anaomba msamaha. Yuki anamuua. Mwisho wa filamu, Yuki akiwa amemaliza orodha yote na kutoka nje kwenye theluji akiwa na majeraha, anayemkimbilia na kumchoma kisu si polisi wala genge. Ni Kobue. Kile ambacho sheria ya zamani ilikataza, kisasi juu ya kisasi, hakuna tena daftari la kukizuia.

Naandika haya kwa sababu ya binamu yangu. Mjomba wangu aliuawa Januari 2008. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika fujo za baada ya uchaguzi. Yeye ni mmoja. Mkewe alikuwa na mimba. Mtoto alizaliwa Juni na akapewa jina la babake, kama ilivyo desturi. Nyanya hamwiti mjukuu. Anamwita mwanangu. Na tangu akiwa mdogo wa kubebwa anamsimulia: ulitoka pale langoni, ukaanguka hapa, na aliyekuangusha anatengeneza baiskeli ng'ambo ya mto. Si "babako". "Wewe." Hakuna aliyewahi kushtakiwa. Mimi simlaumu nyanya. Alienda kituoni, akaandikisha maelezo, akaambiwa angoje. Bado anangoja. Mtu asiyepewa daftari la serikali ataandika mahali anapoweza, hata kama ni juu ya mtoto.

Likizo iliyopita kijana alikuja kwangu Nairobi. Ana miaka 17, mrefu, mpole, wa kujibu "ehe" na "sawa" tu. Aliiona ile filamu kwenye kompyuta yangu akaniuliza ni ya nini. Nilisitasita, kisha nikaicheza. Sikumwambia kitu. Alipiga mluzi damu iliporuka kama bomba lililopasuka, akacheka pale kwenye pipa. Kobue alipotokea na kisu hakucheka.

"Huyo ni yule msichana wa mianzi?"

"Ndiye."

Tuliitazama hadi asubuhi ya theluji, Yuki anapofumbua macho. Nikafunga kompyuta, nikaenda kuchemsha chai. Kijana akanifuata jikoni, akasimama mlangoni.

"Yule fundi wa baiskeli ana msichana," akasema. "Tuko darasa moja. Ananishinda Hesabu."

Nikamuuliza kama nyanya anajua.

"Hapana," akasema. "Na yeye pia hajui mimi ni nani."

Nilimpa kikombe chake. Alikishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akaniomba nimsimulie kuhusu babake: alikuwa mtu wa aina gani, alipenda kula nini, alicheka vipi. Hakuniuliza alikufaje. Hilo alikuwa amelishiba. Tulikaa hadi chai ikapoa, nikimsimulia.