Datsun ya Safari na ugomvi wa injini zake

Safari Rally ilipotimiza miaka 70 mwaka 2023, magari mapya yaliyopita Naivasha yalikuwa na kompyuta nyingi kuliko ofisi ya serikali. Lakini ukimuuliza Mkenya aliyevuka miaka sitini ni gari gani la Safari analolikumbuka, usishangae akikutajia Datsun. Na akiwa mpenzi wa magari hasa, atakutajia moja tu: Datsun 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, iliyoshinda mwaka 1971.

Gari hilo halipo Nairobi. Nissan, kampuni iliyolitengeneza kwa jina la Datsun, inalihifadhi Japan, katika ghala la magari yake ya kale. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kituo cha ufundi cha Nissan kilichoko Atsugi, wenye klabu yao ya kufufua magari ya zamani, walilifungua, wakalisafisha, wakalirekebisha mpaka likawaka tena. Walifanya hivyo kwa hiari, nje ya saa za kazi. Nje ya uzio wa Atsugi, kazi ya namna hiyo imefanywa kwa nusu karne na watu ambao Nissan haijawahi kuwalipa hata senti: wenye magari haya wenyewe, wanaoulizana spea iko wapi, kutu imeingilia wapi, na injini gani inakubali kukaa mahali pa ile iliyokufa.

Yaliyotokea barabarani yanajulikana. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari wakiwa na Datsun 1600 SSS, gari la kawaida la milango minne. Mwaka uliofuata wakarudi na 240Z, wakashinda tena, na nyuma yao akaingia Shekhar Mehta na 240Z nyingine. Mehta alizaliwa Kampala. Mwaka 1972 familia yake iliikimbia Uganda ya Idi Amin ikaja Kenya. Mwaka 1973 alimaliza Safari akiwa na pointi 406 za adhabu. Mswidi Harry Källström, naye kwenye Datsun, akamaliza na 406 vilevile. Ikabidi waandaaji warudi kwenye kanuni: mshindi ni yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Kombe likaenda kwa Mehta. Ushindi wake mwingine wa mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, aliupata kwenye Datsun Violet.

Kuhusu kuzaliwa kwa 240Z, wengi hufuata simulizi la mwandishi wa Marekani David Halberstam katika kitabu chake cha 1986, The Reckoning. Mimi pia ninalifuata, ingawa Halberstam alimpenda mno Yutaka Katayama. Katayama alipelekwa Marekani mwaka 1960 kuuza magari ambayo hakuna aliyeyataka, kisha akaja kuwa mkuu wa Nissan huko. Alipigana na makao makuu kwa karibu kila kitu: injini zilikuwa ndogo mno, breki dhaifu, majina ya ajabu. Gari la michezo aliloliomba kwa miaka lilipoletwa, lilikuwa na jina la Fairlady, ambalo bosi mkuu wa Tokyo alilipenda baada ya kutazama mchezo wa muziki wa My Fair Lady. Katayama aliona hakuna kijana wa California atakayenunua gari lenye jina hilo. Shehena ya kwanza ilipofika, aliamuru majina yabanduliwe na mahali pake pawekwe 240Z, namba waliyoitumia wahandisi wa Nissan wenyewe. Tokyo ingelalamikaje, na namba ni yao?

Umbo lilitoka kwa kikundi cha Yoshihiko Matsuo. Mjerumani Albrecht Goertz, aliyebuni BMW 507, alidai kwa miaka kwamba mkono wake ulikuwemo. Ugomvi huo una vitabu vyake na sitauingia. Gari lilianza kuuzwa Marekani kwa dola 3,526, na la kwanza hadi la mwisho zikauzwa huko 240Z karibu 150,000. Kwa bei ile hukupata Jaguar.

Sasa tufungue boneti, maana hapo ndipo wenye magari haya hukutana na ndipo wanapogombana.

Injini ya 240Z inaitwa L24. Ni L16, ile ya Datsun 1600 iliyoshinda 1970, iliyoongezewa silinda mbili. Kipenyo cha silinda ni kile kile cha milimita 83, na mwendo wa pistoni ni ule ule wa milimita 73.7. Chukua cc 1,595 za L16, zidisha kwa moja na nusu, unapata cc 2,393 za L24. Fundi aliyezoea kufungua Datsun ya teksi hakukutana na mgeni alipoinua boneti ya 240Z. Nissan iliendelea kuikuza familia hiyo: L26 ya 260Z, halafu L28 ya 280Z yenye cc 2,753. L28 inakaa juu ya mikono ile ile ya injini na inashikana na giaboksi ile ile. Kwa hiyo L24 ilipochoka, wenye magari hawakuumiza kichwa. Walichukua L28 kutoka 280Z iliyopata ajali, wakaipandisha, siku ya pili wakaenda nayo kazini.

Ugomvi ukaanza na hedi. Hedi ya E31 iliyokuja na magari ya kwanza ina chumba kidogo cha kuchomea mafuta. Ukiifunga juu ya bloku ya L28, mgandamizo unapanda, na nguvu pia. Wapo wanaoapa kwa hedi hiyo. Wengine wanasema valvu zake ni ndogo, na kwa petroli ya siku hizi injini itagonga mpaka ijiue, bora hedi ya N42. Ukiwakuta wakibishana juu ya herufi hizo zilizochongwa ubavuni mwa hedi, vuta kiti, hawamalizi leo.

Kisha kuna kranki ya dizeli. Nissan ilitengeneza L28 ya dizeli, LD28, kwa magari makubwa ya heshima kama Cedric na Laurel. Kranki yake ina mwendo wa milimita 83 badala ya 79 za L28 ya petroli. Mafundi wa Japan waligundua kwamba inaingia kwenye bloku ya petroli. Tanua silinda hadi milimita 89, tafuta pistoni na konrodi zitakazokubaliana, na unapata lita 3.1 katika gari lililotoka kiwandani na 2.4. Yaani uti wa mgongo wa gari la mzee anayekwenda benki polepole ndio unaoendesha gari la michezo la mwanawe. Maarifa haya yalivuka bahari, na Wamarekani wakayaongezea pistoni za Nissan nyingine, za injini ya KA24, ambazo kipenyo chake ni milimita 89 hizo hizo.

Lakini vumbi hasa liliinuka Wamarekani walipoanza kuingiza V8 za Chevrolet. Katikati ya miaka ya 1970 kampuni ya Scarab ya San Jose, California, ilikuwa ikiuza vifaa vya kufanyia kazi hiyo. Hoja ya wenye V8 ilikuwa rahisi: injini ya Chevrolet ni fupi, spea zake Marekani zimejaa kila kona, na fedha unazomwaga kuitafutia L28 nguvu mia mbili za farasi, kwa Chevrolet unazipata na chenji inabaki. Wenye kushika asili walijibu kwamba chuma chote kile kinalemea pua, gari linakataa kona, na kwamba mlio wa silinda sita kwa mstari ndio roho ya gari lenyewe. Zaidi ya hayo, walisema, kuna kibati ndani ya boneti ya kila 240Z chenye namba ya injini iliyotoka nayo kiwandani. Ukishatoa injini hiyo, kibati kinakusuta kila unapopima oili.

Cha kuchekesha ni kwamba wenye V8 nao waligawanyika. Scarab waliiweka injini mbele kidogo. Kundi jingine, Jaguars That Run, likaandika mwongozo mzima likisisitiza kwamba injini isukumwe nyuma na kushushwa, karibu imkae dereva mapajani, ili uzito usilemee magurudumu ya mbele. Hata leo mtu akisema ameweka V8 kwenye Z, swali la kwanza ni: mbele au nyuma? Kwa maoni yangu wa nyuma wana haki. Ukilazimika kuvunja mila, angalau usivunje mizani.

Na wote hao husahau kwamba aliyeanza kuhamisha injini ni Nissan yenyewe. Mwaka ule ule wa 1969 gari lilipozinduliwa Japan, lilikuja pia toleo la Z432, lenye injini ya S20: valvu nne kwa kila silinda, kabureta tatu, kamshafti mbili, ndiyo maana ya namba hizo. S20 ilikuwa injini ya Skyline GT-R, kazi ya wahandisi wa Prince, kampuni ambayo Nissan iliimeza mwaka 1966. Basi anayesema 240Z isiguswe kwa sababu kiwanda hakikutaka, akaongee kwanza na kiwanda.

Siyo injini peke yake. Breki za mbele za 240Z ni dhaifu kwa gari linalokimbia hivyo, na dawa yake imekuwa ile ile kwa miongo: kalipa za pistoni nne kutoka Toyota Hilux ya gurudumu nne ya mwanzoni mwa miaka ya 1980. Zinafungwa moja kwa moja. Unakata kidogo bati la kuzuia vumbi, basi. Difu ya R180 inaweza kupewa matumbo ya Subaru Impreza STI, yenye kufunga magurudumu yote mawili. Kabureta bapa za mwaka 1973, zilizobuniwa ili kupunguza moshi, zinakataa kuwasha injini ikiwa moto. Wenye magari walizitupa wakarudisha za mviringo za miaka ya kabla. Kutu hushambulia sakafu, pembe nyuma ya milango na kitako cha betri, na mtu anayeuza Z bila kukuonyesha kitako cha betri ana jambo.

Sasa hebu msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam aniambie kama kuna jipya hapo. Hilux, Subaru, kranki ya dizeli ndani ya petroli: hizi ni habari za gereji za Grogan ya Nairobi, ambayo kwenye ramani ni Barabara ya Kirinyaga, na za Gerezani ya Dar es Salaam. Joginder Singh na ndugu yake Jaswant walishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, na Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa. Waliotunza magari ya Safari usiku kucha, wakichomelea sapoti zilizokatika na kubadilisha giaboksi pembeni mwa barabara ya matope, walijua mambo ambayo Scarab hawakuyajua. Tofauti ni kwamba wale wa California waliandika miongozo, wakachora vipimo, wakataja namba ya kila spea. Yetu yalikaa vichwani, na vichwa vinazikwa. Alfa Romeo Owners Club ya Kenya imejitahidi tangu mwaka 1970 kwa maonyesho yake ya magari, yanayofanyika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, lakini pale gari linapewa alama kwa jinsi lilivyong'arishwa. Aliyelitengeneza hupita nyuma, amevaa ovaroli safi kwa ajili ya siku hiyo. Historia ya michezo yetu inamkumbuka dereva. Maonyesho ya magari yanamkumbuka mwenye fedha.

Hata Katayama alirudishwa Japan mwaka 1977 bila Nissan kumfanyia sherehe kubwa. Walioitunza heshima yake ni klabu za wenye Z huko Marekani, zilizomwita mikutanoni mwao mpaka alipozeeka kabisa. Alifariki mwaka 2015 akiwa na miaka 105.

Miongo ya karibuni ina machache ya kusimulia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Nissan ya Marekani ilinunua 240Z za zamani, ikazifufua na kuziuza upya. Hazikufika hata 50. Mbio za Safari Classic za magari ya kale zilianza Afrika Mashariki mwaka 2003, na Datsun za aina ya Z zilikuwa uwanjani tangu mwanzo. Injini zinazohamishwa siku hizi ni RB26 ya Skyline GT-R yenye tabo mbili, au V8 za Chevrolet za kizazi kipya zilizoundwa kwa aluminiamu, ambazo zimewanyima wenye kushika asili hoja yao ya uzito.

Halafu Januari 2020 gari moja la 240Z lisiloguswa liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Tangu hapo mazungumzo ya wenye magari haya yamegeuka. Aliyeondoa L24 yake zamani akaiacha uani kwa fundi sasa anarudi kuiulizia, akiwa na picha ya kile kibati mkononi. Fundi mwenye akili hataji bei kabla ya kuisoma namba.