Uteuzi wa Kuku wa Mbegu, kutoka Majahazi hadi Chikongola

Kuku ni mgeni Afrika. Chimbuko lake ni misitu ya Kusini-Mashariki mwa Asia, na pwani yetu alifika kwa bahari. Uchambuzi wa mifupa ya kale uliochapishwa mwaka 2017, ikiwemo mifupa iliyofukuliwa Unguja Ukuu, unaweka ujio wake huku kwenye karne ya 7 na ya 8. Msafiri Ibn Battuta alipotua Mogadishu mwaka 1331, kabla hajateremka Mombasa na Kilwa, aliandaliwa wali wa samli na mchuzi wenye nyama ya kuku. Kutoka Kilwa, njia ya majahazi iliendelea kusini hadi Mikindani na mlango wa Ruvuma. Basi kwa karne nyingi wafugaji wa pwani hii wamekuwa wakiamua kuku yupi aende chunguni na yupi aachwe azae. Uamuzi huo ndio uteuzi wa mbegu, hata kama hakuna aliyeuandika.

Ushahidi wake mkubwa ni kuchi. Huyu ni kuku mrefu aliyesimama wima, mwenye shingo ndefu, miguu minene, mdomo mfupi uliopinda na upanga mdogo ulionata kichwani. Umbo hilo lilitokana na mchezo wa kupiganisha majogoo. Upanga mkubwa na ndevu ndefu humpa adui pa kushika, kwa hiyo majogoo wenye vichwa vitupu ndio walioshinda, na walioshinda ndio waliopandishwa. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2013 ulilinganisha aina tano za kuku wa Tanzania, ukakuta kwamba kuchi wana ukoo mmoja wa upande wa mama na Shamo, kuku wa mapigano wa Japani. Huenda chimbuko lao ni moja. Kama ni hivyo, kuchi aliteuliwa Asia, kisha akateuliwa tena huku kwa kipimo kilekile cha uwanja wa mapigano.

Uingereza nako mambo yalianzia uwanjani. Sheria ya mwaka 1835 ilipopiga marufuku kupiganisha kuku, wapenzi wa majogoo waligeukia mashindano ya urembo. Mwaka 1845 kuku walishindanishwa katika bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1865 kikatoka kitabu cha kwanza cha vigezo, kilichohaririwa na W. B. Tegetmeier. Wamarekani wakafuata na chao mwaka 1874. Vitabu hivyo vilieleza kila aina inavyopaswa kuwa, tangu rangi ya unyoya hadi idadi ya vidole, na mwamuzi akawa anatoa alama kiungo kwa kiungo. Faida yake ilikuwa kuku wanaofanana kizazi hadi kizazi. Hasara yake ni kwamba alama za urembo hazihesabu mayai wala hazipimi uwezo wa kulea vifaranga.

Mtazamo huo wa kuku safi ulifika Tanganyika pamoja na majogoo wa Rhode Island Red na Light Sussex, waliogawiwa ili kuboresha kuku wa vijijini. Karibu na zama zetu wamekuja Kuroiler kutoka India na Sasso kutoka Ufaransa. Wanakua haraka na wanataga sana, lakini kwa kuwa ni chotara, mfugaji anayechagua mbegu kutoka kwa watoto wao hushangaa kuona kizazi cha pili hakifanani na cha kwanza. Isitoshe, mitetea yao ni nadra kuatamia.

Mfugaji wa pwani ana vigezo vyake. Hebu mtazame mnunuzi mzoefu mbele ya tenga la kuku. Anamshika mtetea miguu, anampima uzito kwa mkono, anapapasa mfupa wa kidari kuona kama umejaa nyama. Kisha anaweka vidole kati ya mifupa miwili ya nyonga: vikipita vidole viwili au vitatu, huyo anataga, kikikwama kimoja, bado ni tembe au amesimama kutaga. Macho yawe maangavu, upanga uwe mwekundu, miguu isiwe na magamba yaliyoinuka. Hivyo ndivyo alama zinavyotolewa bila karatasi, na afisa mifugo yeyote angeziafiki.

Kasoro iko kwingine. Kuku anayeshinda mtihani huo ndiye anayeondoka kwanza. Mgeni akija, pora mkubwa kuliko wenzake ndiye anayechinjwa. Ada ya shule ikidaiwa, koo aliyenona ndiye anayefungwa kamba kwenda sokoni. Wanaobaki kuzaa ni wale ambao hakuna aliyewataka. Kideri nacho hakingoji uteuzi: pasipo chanjo, kikipita huondoka na wazuri na wabaya pamoja.

Kwenye kata ya mjini kama Chikongola, katika Manispaa ya Mtwara Mikindani, kuna tatizo la ziada. Nyumba zimebanana, na kuku wanaoachiwa hawajui mpaka wa ua. Unaweza kumtafuta jogoo bora hadi umpate, na bado mitetea yako ikapandwa na jogoo dhaifu wa jirani. Ndiyo maana jogoo wa mbegu mitaani humu anafaa kuwa shauri la majirani: mmoja aliyekubaliwa kwa kila mitetea 10, abadilishwe kabla hajaanza kuwapanda binti zake, na wale pora wengine wauzwe mapema.

Vigezo tunavyo, tena vimepita mikononi mwa vizazi vingi. Kilichobaki ni kupanga utaratibu wa kuuza. Kabla hujamwita mnunuzi, chagua kwanza jogoo na makoo ya mbegu, watie alama mguuni, na uwape chanjo ya kideri kila baada ya miezi mitatu. Waliosalia ndio wa mgeni na wa soko.